Aliyekaa Kando ya Kitanda: Historia ya Kuuguza Katika Mwambao wa Ngumbo

Ngumbo ipo katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, baina ya Lituhi upande wa kaskazini na Liuli upande wa kusini. Mbele yake ni maji, nyuma ni milima inayopanda kwenda Umatengo. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mtu aliyeugua sana hapa alikuwa na njia mbili za kuifikia hospitali. Moja ilikuwa ya mtumbwi, kuambaa ufukwe hadi Liuli, ambako Waanglikana walijenga Hospitali ya Mtakatifu Anna. Nyingine ilikuwa ya miguu, kupanda milima hadi Litembo kwa Wakatoliki, mgonjwa akiwa kwenye machela na vijana wakipokezana mabegani. Njia zote mbili zilitaka watu wengi. Lakini wakishafika, wapiga makasia waligeuza mtumbwi na wabeba machela wakarudi mashambani. Aliyebaki alikuwa mmoja, mara nyingi mke au mume, pamoja na furushi: sufuria, kikombe, mkeka, kanga mbili, unga wa muhogo na dagaa wakavu.

Daftari la wodi lina nafasi ya jina la mgonjwa, kijiji chake, ugonjwa, dawa, siku aliyolazwa na siku aliyotoka au kufariki. Huyu wa furushi hakuandikwa. Vitabu vya historia navyo vimewataja madaktari, mapadri, masista na sindano zao, na ni haki vikafanya hivyo. Hata hivyo, bila mke aliyechota maji alfajiri na mume aliyekesha kwenye baraza, hospitali hizi zisingeweza kuendesha wodi zake hata wiki moja. Historia ya kuugua katika mwambao huu ni historia ya watu wawili wawili, na huyu wa pili anastahili kuandikwa.

Kuuguza hakukuletwa na hospitali. Mgonjwa wa zamani hakuamua peke yake aende kwa mganga gani, wala hakuachwa aende peke yake. Wamatengo wa milimani walikuwa na sengu, mkutano wa ukoo uliokula pamoja na kuzungumza mambo ya nyumba zote, na mashauri mazito ya familia yalipita hapo. Kwa mganga pia mgonjwa alilazwa: alipewa kibanda katika boma la mganga, akakaa siku nyingi, na mtu wa kwake akimpikia na kumkanda. Mwanaanthropolojia John Janzen aliyaeleza mambo kama haya kwa watu wa Kongo ya Chini katika kitabu chake cha mwaka 1978, akionyesha jinsi ndugu wanavyoshika usukani wa matibabu: kumchagua tabibu, kubishana juu ya chanzo cha ugonjwa, kulipa, kusubiri. Mtu wa Ngumbo angekisoma kitabu hicho asione ajabu yoyote.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba hospitali ya kizungu katika mwambao huu ililetwa na watu wasio na wake wala waume. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA, ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Wamisionari wake walipewa posho ndogo badala ya mshahara, na walitarajiwa kuishi bila kuoa wala kuolewa. Livingstone mwenyewe alikuwa ameonja kuuguza. Mwezi Aprili mwaka 1862, huko Shupanga kando ya Mto Zambezi, alikaa karibu na mkewe Mary homa ilipommaliza, na akamzika hapo chini ya mbuyu. Waliomfuata walikuja wakijua kwamba wakiugua hawatakuwa na mtu wa namna hiyo kando yao.

Na waliugua. Mwaka 1882 kijana mmoja, kasisi Charles Janson, alifika Nyasa pamoja na mwenzake William Percival Johnson baada ya safari ndefu ya miguu. Alifariki muda mfupi tu baada ya kuliona ziwa, naye Johnson ndiye aliyekuwa karibu naye. Meli ya kwanza ya misheni, iliyofika katikati ya miaka ya 1880, ikapewa jina la marehemu huyo. Johnson aliishi. Macho yake yaliharibika hata akawa anaona kwa shida sana, lakini aliendelea kupita kijiji hadi kijiji katika mwambao huu kwa zaidi ya miaka 40, akiongozwa na kuhudumiwa na wenyeji. Alifariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko huko. Mtu huyo asiye na mke alitunzwa na vijiji vizima, jambo ambalo lilimfundisha mengi juu ya watu aliokuja kuwafundisha.

Daktari Robert Howard alifika kisiwa cha Likoma, makao ya misheni, mwaka 1899. Aliyakagua makazi ya wamisionari, akaandika juu ya malaria na nyumba mbovu zilizokuwa zikiwaua wenzake, na vifo vikapungua. Mwaka 1901 ikashushwa majini meli kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliyoitwa kwa jina la askofu aliyekufa maji ziwani mwaka 1895. Ilitengenezwa Glasgow, ikafunguliwa vipande zaidi ya 3,400 na kusafirishwa kwa bahari, kwa mto na kwa mabega ya watu. Boila yake ya tani 11 ilivutwa na Wangoni 450 kwa zaidi ya kilometa 100. Meli hiyo ilikusudiwa iwe kanisa, shule na hospitali inayotembea.

Kwa mgonjwa wa mwambao, meli ilikuwa neema yenye bei yake. Kupelekwa Likoma kulimaanisha kuvuka maji makuu na kuingia mahali pasipo na shamba lako, ukoo wako wala deni unaloweza kudai. Atakayekwenda naye ni nani, naye atakula nini huko? Maswali hayo mawili yalijibiwa nyumbani kabla mgonjwa hajapandishwa, na mgonjwa ambaye maswali yake hayakupata majibu alibaki nyumbani.

Hali ilibadilika misheni ilipojijenga bara, upande huu wa ziwa. Wajerumani walipaita Liuli Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali la bandarini lililowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo ndipo, Agosti 1914, boti la Waingereza liliposhambulia boti la Kijerumani Hermann von Wissmann likiwa limepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, katika mapambano ya mwanzo kabisa ya vita vile vikuu kwenye maji ya Afrika. Vita vilipokwisha na Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, Liuli ikawa kituo kikuu cha UMCA katika mwambao wa Tanganyika, ikiwa chini ya dayosisi ya Nyasaland mpaka mwaka 1952 ilipoundwa Dayosisi ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika. Mtu wa Ngumbo sasa angeweza kulazwa bila kuvuka ziwa, na mkewe angeweza kwenda nyumbani mara moja kutazama watoto na kurudi na muhogo.

Milimani nako Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walikuwa wamekwisha kuota mizizi. Walianza Peramiho mwaka 1898, wakachomewa misheni katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, wakajenga upya. Mwaka 1914 walifungua Litembo. Masista Wabenediktini wa Tutzing walianza na zahanati za vidonda na buba, na kazi yao ikakua hadi Peramiho ikawa hospitali kubwa inayopokea wagonjwa wa kusini yote. Zahanati hizo hazikuhitaji mtu wa kuuguza: ulichomwa sindano ukaenda zako. Wodi za upasuaji, za kifua kikuu na za homa kali zilimhitaji kila siku.

Kazi yake ilikuwa nini hasa? Kwanza, chakula. Hospitali nyingi za misheni hazikuwa na uwezo wa kumlisha kila mgonjwa, hivyo uani palikuwa na banda la jiko lenye mafiga ya mawe na moshi usiokoma. Kila familia ilikuwa na mafiga yake, kuni zake na chungu chake. Uji ulitangulia kabla daktari hajapita wodini, kwa sababu dawa nyingine ziliumiza tumbo tupu. Mchana ugali. Watu wa ziwani walihangaika hapa kuliko wa milimani: mgonjwa wao alizoea ugali wa muhogo na samaki, usipa au mbelele, na huko Litembo penye baridi walikuta mahindi na maharage. Akiba ya dagaa ilipokwisha, mke alitafuta kibarua katika mashamba ya kahawa ya jirani, akalipwa kwa chakula, akarudi jikoni kabla ya jua kuzama.

Halafu maji. Halafu kufua mashuka na nguo zilizochafuka, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kumwosha, kumshika asianguke akienda chooni, kuita sista chupa ya maji inapokaribia kukauka. Usiku muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi nzima, na aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba pumzi imebadilika alikuwa yule aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Ukihitajika upasuaji na damu haipo, mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa ndugu. Kisha yako yale yasiyohesabika: kukumbusha habari za nyumbani, kuficha habari mbaya ya mtoto anayeumwa, kumsihi mtu aliyekata tamaa ameze kijiko kimoja zaidi.

Wenzi hawa hawakuwa peke yao. Kwenye banda la jiko watu walijuana kwa namba za vitanda. Mwenye chumvi alimgawia asiye nayo. Aliyekaa muda mrefu alimfundisha mgeni dirisha la dawa liko wapi na daktari gani anapenda kuulizwa maswali. Wanawake wa Kinyasa, wa Kimatengo na wa Kingoni, ambao nyumbani wangekutana gulioni tu, walikaa hapo wiki nzima wakipikiana. Mgonjwa wa mmoja alipofariki, wote waliacha vyungu wakaenda kulia naye, kisha wakamchangia nauli ya kurudi. Hospitali haikuanzisha chama hiki na haikukisimamia. Kilijiendesha.

Waume nao wamesemwa vibaya kupita haki. Ni kweli kwamba mke akilazwa, aliyekaa naye mara nyingi alikuwa mama yake au dada yake. Lakini wodi ya wanawake ilikatazwa kwa wanaume usiku, na kwenye saa za kutazama wagonjwa mume aliruhusiwa kuingia kwa muda mfupi kisha akatolewa pamoja na wengine. Majengo yenyewe yalimweka nje. Wengine walilala kwenye baraza au chini ya miembe mwezi mzima, wakapasua kuni na kuzipitisha mlangoni. Wengine walirudi Ngumbo kuvua usiku kwa taa za karabai, kwa sababu ada ya hospitali ya misheni ilitakiwa kulipwa, na samaki ndiyo fedha pekee waliyoijua. Mke alimwona siku mbili kwa mwezi. Pesa zilizoletwa kwa siku hizo mbili ndizo zilizomweka kitandani siku nyingine zote.

Ulaya ya wakati huohuo ilikuwa ikienda upande mwingine. Katika hospitali za Uingereza za kabla ya miaka ya 1950 kulikuwa na wodi za watoto ambako mzazi aliruhusiwa kuingia mara moja tu kwa wiki, na ilibidi iandikwe ripoti ya serikali mwaka 1959, ripoti ya Platt, kushauri kwamba mama aachwe amwone mwanawe. Kumbe huko Lambaréné, Gabon, Albert Schweitzer tangu mwaka 1913 alikubali familia ziishi na wagonjwa na kupika hospitalini, kwa kuwa aliona hawangekuja vinginevyo. Amesifiwa na kulaumiwa kwa hilo. Watu wa Liuli na Litembo walifanya vivyo hivyo bila sifa wala lawama, kwa sababu mgonjwa alifika na mtu wake, na hapakuwa na namna ya kumpokea mmoja na kumfukuza mwingine.

Kuna ugonjwa mmoja uliowapima wenzi wa mwambao huu kuliko yote, nao ni kifua kikuu. Wilaya ya Songea ya zamani, iliyojumuisha Mbinga na ziwani, ilikuwa ghala la nguvu kazi. Wanaume waliondoka kwenda kuwa manamba katika mkonge wa Tanga, na wengine walifika hadi migodi ya Afrika Kusini. Wengine walirudi na baiskeli na nguo; wengine walirudi na kikohozi. Mke aliyekuwa amelima peke yake miaka miwili au mitatu akijua mumewe anatafuta, alipata nyumbani mtu aliyekonda, anayetema damu. Kabla ya dawa za muda mfupi, tiba ilichukua mwaka mmoja au mmoja na nusu. Mke alikuwa na haki ya kuchoka. Wako waliochoka wakarudi kwa baba zao, na hakuna sababu ya kuwaficha.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyefanyia kazi Uholanzi, akasaidia kuusimika. Hapa ndipo dunia ilipojifunza kwa Tanzania. Mpango uliweka matibabu ya miezi minane: miwili ya kwanza mgonjwa akilazwa na kumeza rifampisini na dawa nyingine mbele ya macho ya muuguzi, sita iliyofuata akiwa nyumbani. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliufanya mtindo huo, kwa jina la DOTS, kuwa sera kwa nchi zote. Ripoti zinataja vidonge, darubini na viwango vya kupona. Hazitaji kwamba miezi miwili ya wodini ilikuwa pia miezi miwili ya mwenzi: shamba bila jembe msimu wa kupanda, watoto kwa bibi, mkeka chini ya kitanda.

Miezi hiyo ndiyo iliyofanya mfumo ubadilike. Kuanzia mwaka 2006 Tanzania ilijaribu, kisha ikaeneza nchi nzima, utaratibu wa kumwachia mgonjwa achague: ameze dawa kituoni mbele ya mhudumu, au nyumbani mbele ya msimamizi anayemteua mwenyewe. Wengi walichagua nyumbani, na wengi walimteua mtu wa nyumba yao. Baada ya karibu karne nzima ya wodi, mke wa mvuvi alipata nafasi katika karatasi za hospitali: jina lake, uhusiano wake na mgonjwa, na jukumu lake la kumwona akimeza.

UKIMWI ulikuwa umefika kabla ya hapo, nao haukumwacha muuguzaji pembeni. Katika miaka ya 1990 aliyekaa kando ya kitanda mara nyingi alijua, au alihisi, kwamba kitanda kinachofuata ni chake. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali Oktoba 2004. Kabla ya hapo wodi zilikuwa zimejaa hata watu wakarudishwa nyumbani na paketi ya dawa za maumivu, na kazi yote ya wauguzi ikahamia kwenye chumba cha familia. Wapo wake na waume walioosha vidonda vya wenzao bila glavu, wakijua hatari. Ujasiri huo haujapata sanamu popote katika mkoa wa Ruvuma.

Njia zenyewe zimebadilika. Kwa miaka mingi watu wa mwambao walitegemea MV Songea na MV Iringa kutoka Itungi huko Kyela, zilizopita Lupingu, Manda, Lundu na Liuli hadi Mbamba Bay. Mgonjwa alisubiri meli, na upepo wa mwera ukivuma au injini ikiharibika alisubiri zaidi. Leo lami imefika Mbinga kutoka Songea na imeshuka hadi Mbamba Bay, Nyasa imekuwa wilaya inayojitegemea tangu kugawanywa kwa Mbinga, na mgonjwa wa Ngumbo huenda akafika hospitali kwa pikipiki: dereva mbele, mgonjwa katikati, na nyuma yake mwenzi wake akimkumbatia asianguke, mshikaki wa watu watatu kwenye kona za mlimani.

Kilichorefuka ni mwendo wa rufaa. Magonjwa yanayolaza watu siku hizi ni pamoja na saratani, figo na moyo, na barua ya rufaa huandikwa kwenda Mbeya au Dar es Salaam. Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na kuwa Taasisi ya Saratani mwaka 1996, kwa miongo mingi ilikuwa mahali pekee nchini penye tiba ya mionzi. Mionzi hutolewa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mke wa Ngumbo mwenye saratani ya mlango wa kizazi anahitaji mtu wa kwenda naye zaidi ya kilometa elfu moja, mtu atakayetafuta jamaa wa kuwahifadhi Mbagala au Gongo la Mboto, atakayepanda naye daladala alfajiri na kumsubiri nje ya chumba cha mashine, halafu amrudishe akiwa anatapika. Mara nyingi sasa mtu huyo ni mume, kwa sababu mama mkwe ni mzee na mji ni mkubwa.

Tangu serikali ianze uchangiaji wa gharama katika hospitali zake mwaka 1993, familia zimejua kupiga hesabu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima hulipia kitanda, vipimo, dawa na upasuaji wa aliye na kadi. Nauli ya anayemuuguza, ugali wake na mahali pake pa kulala kwa wiki sita havimo kwenye kifurushi, na katika kaya nyingi za wavuvi wa mwambao, mtumbwi au nyavu huuzwa kwa ajili ya hivyo.